Kioo Kwanza, Boksi Baadaye

Hotuba kwa wabunifu wa michoro na wenye stesheneri, Kirumba, Mwanza

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, walimu wangu, mafundi wenzangu, kina mama wenye stesheneri, na nyinyi vijana mliojazana nyuma mkaviacha viti vya mbele vitupu kama kawaida yetu: Mwangaluka! Asanteni. Ndugu zetu wa Sengerema, karibuni sana. Enzi za kivuko tungekuwa bado tunawasubiri; daraja la Kigongo–Busisi limewaondolea kisingizio.

Nimeombwa nizungumzie kuchagua vifaa vya kompyuta ya kudizainia kwa mtu mwenye mfuko mwepesi. Hapa mezani kuna kitu nimekifunika kanga. Msikifunue. Tutakifikia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilipata oda ya kadi za michango ya harusi, kadi 200. Mama wa bi harusi alitaka damu ya mzee na nakshi za dhahabu. Wakati huo nilikuwa na boksi la nguvu, yaani kompyuta yenyewe bila kioo, nimelipata kwa kujinyima, na monita ya bei ya kutupa niliyoinunua kwa sababu moja tu: ilikuwa kubwa. Nikakesha nayo nikiirekebisha ile rangi mpaka ikanikolea machoni. Asubuhi nikapeleka kuchapa. Kadi zikatoka. Mama akafungua mkoba, akatoa kipande cha kitambaa cha sare, akakiweka juu ya kadi, akaniangalia.

"Mwanangu, hii ni damu ya mzee au udongo wa kichuguu?"

Sikuwa na la kujibu. Nilizirudia kadi zote kwa hela yangu. Nikamlaumu mwenye mashine, nikalaumu karatasi, nikalaumu wino. Siku mbili baadaye nimefungua faili lile lile, nikainuka kuchukua chaja juu ya kabati, na nikiwa nimesimama nikatupa jicho kwenye kioo. Rangi nyingine kabisa! Nikakaa: damu ya mzee. Nikasimama: kahawia. Nikainama mpaka kidevu kikagusa meza: karibu nyeusi. Jirani aliyekuwa akinichungulia dirishani alidhani nafanya mazoezi.

Monita ile ilikuwa na paneli, kile kioo chenyewe kinachoonyesha picha, ya aina ya TN. Paneli hizo ni rahisi kutengeneza na zinabadilisha picha upesi, ndiyo maana wacheza gemu walizipenda. Lakini ukihamisha kichwa chako kidogo tu, hasa kwenda juu au chini, rangi inahama nawe. Paneli ya IPS imepangwa tofauti: vile vifuwele vilivyomo ndani vinageuka vikiwa vimelala sambamba na kioo, kwa hiyo ukitazama kutoka pembeni au ukisimama, rangi inabaki karibu vile vile. Herufi tatu tu, ndugu zangu. Mimi zilinigharimu kadi 200.

Tangu siku hiyo niligeuza foleni ya matumizi. Watu wengi huanza na prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, wakaja kadi ya grafiki, inayoshughulikia picha, na chenji iliyobaki ndiyo inanunua kioo. Mimi naanza na kioo. Prosesa dhaifu inakuchelewesha, na kuchelewa utakuona mwenyewe siku ya kwanza. Kioo kibovu kinakudanganya, na atakayeugundua uongo wake ni mteja, kazi ikiwa tayari mkononi mwake.

Unakipimaje dukani? Njoo na flashi yako. Ndani yake weka picha tatu. Ya kwanza ni mstari wa kijivu unaopanda ngazi kwa ngazi kutoka nyeusi hadi nyeupe. Ngazi za mwisho kule gizani zikishikana kuwa doa moja, kioo hicho kitakuficha mambo. Ya pili ni rangi moja tupu, nyekundu iliyokolea kwa mfano, imejaza kioo chote. Hiyo inaonyesha madoa, nukta zilizokufa na pembe zilizofifia. Ya tatu ni sura za watu wetu, tena weusi tii, wamepigwa picha kwenye kivuli. Hapo ndipo vioo vingi vya bei chee vinapoanguka. Mashavu, nywele na koti la bwana harusi vinakuwa giza moja, nawe unaongeza mwanga, unaongeza mwanga, na kadi ikitoka bwana harusi amepauka kama aliyemwagiwa unga. Picha zikiwa kwenye kioo, simama, kaa, sogea kushoto, sogea kulia. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae.

Mpya si lazima. Monita za ofisi zilizotumika zenye IPS zinapatikana. Dell walikuwa na moja iitwayo U2412M, ya mwaka 2011, inchi 24, pikseli, zile nukta zinazounda picha, 1920 kwa 1200, na mimi hadi leo nikiiona ikiwa nzima naichukua kabla ya monita mpya yenye jina nisilolijua. Na ukiipata, usikubali kufungashiwa kebo ya VGA, ile ya bluu yenye skrubu mbili. VGA inapitisha picha kama mawimbi ya umeme, herufi zinaingia ukungu. Boksi nyingi za ofisi zina tundu la DisplayPort. Dai kebo yake.

Sasa tuingie ndani ya boksi. Hapa nitawafanyia hesabu, naomba mnivumilie.

Karatasi ya A4 kwa ubora wa pikseli 300 kila inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, yaani kama milioni 8.7. Kwenye mfumo wa rangi nne za uchapaji, kila pikseli inakula baiti nne. Leya moja, yaani tabaka moja la picha, ni kama MB 35. Kompyuta yoyote inabeba. Lakini juzi kijana mmoja kaniletea malalamiko, kompyuta yake imeganda na anataka kununua prosesa mpya. Nikamuuliza, ulikuwa unafanya nini? Bango la mita 3 kwa mita 1. Kwa pikseli ngapi kila inchi? "300, mzee, nataka ubora." Basi hesabuni: hiyo ni pikseli 35,433 kwa 11,811. Milioni 418. Mara nne, ni kama GB 1.67 kwa leya moja tupu! Yeye alikuwa na leya tisa na RAM, ile kumbukumbu ya kazi inayoendelea, ya GB 8.

Bango la barabarani mtu analisoma akiwa ndani ya daladala, mita kumi kutoka hapo. Pikseli 75 kila inchi zinamtosha. Ukipunguza kutoka 300 hadi 75, faili linakuwa moja ya kumi na sita, na leya ile ya GB 1.67 inashuka hadi kama MB 105. Kijana alirudi nyumbani na kompyuta yake ile ile, na hela yake mfukoni. Na yale maandishi, fanyeni kwenye programu za vekta. Mchoro wa vekta unatunzwa kama maelezo ya mistari, haujali bango ni la mita ngapi.

Hata hivyo RAM inahitajika. GB 8 ni mwanzo, 16 ndiyo ya kufanyia kazi ukiwa umefungua programu mbili na kivinjari chenye picha za mteja. Nunua vipande viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kama madabodi, ile bodi kuu ya ndani ya boksi, inaruhusu. Vipande viwili vinasomwa kwa pamoja kwenye njia mbili, na kama kompyuta haina kadi ya grafiki ya peke yake, ile grafiki iliyomo ndani ya prosesa inaazima RAM hiyo hiyo, kwa hiyo njia mbili unaziona waziwazi. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya duniani kote, viwanda vimekimbilia kuhudumia mitambo ya akili mnemba. Ushauri wangu wa sasa, tofauti na wa miaka miwili iliyopita: tafuta boksi la mtumba ambalo RAM imo tayari, kuliko kununua boksi tupu ukategemea kuongeza.

SSD, ile diski isiyo na sahani inayozunguka, sitaki hata tujadiliane. Hadi diski ya kawaida inasoma MB 100 na kitu kwa sekunde, SSD ya kawaida ya SATA inafika 500 na zaidi. RAM ikijaa, programu inaanza kuandika kwenye diski, na hapo kwenye hadi diski ndipo unapopata muda wa kwenda kunywa chai na kurudi. Weka mfumo, programu na kazi ya leo kwenye SSD hata ya GB 240. Hadi diski ya zamani usiitupe, ikae na kazi za wateja wa mwaka jana. Na nakala nyingine ikae nje ya nyumba hiyo.

Kuhusu boksi lenyewe, kuna jambo limetokea linalotufaa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa masharti yake rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Ofisi za ughaibuni zikaanza kuondoa mashine nzima nzima, na mitumba tunaijua inakoelekea. Kwa hiyo jifunze kusoma namba. i5-6500: tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, kizazi cha sita. i5-8500 ni cha nane. Hiyo ya sita ina viini vinne vya kufanyia kazi, hiyo ya nane ina sita. Na msidanganywe na neno i7. i7-2600 ni ya mwaka 2011. I5-8500 ya 2018 inaiacha mbali. Mtu anakwambia "hii ni i7" kama anayekwambia "huyu ni mtoto wa mwalimu". Sawa, lakini yeye mwenyewe amesoma?

Mwaka jana nilimsindikiza kijana wangu wa kazi kwenye duka moja, silitaji. Boksi safi, limefutwa linang'aa, stika ya i7 mbele, muuzaji anasema RAM 16. Nikaomba tuliwashe. Nikabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nikafungua ukurasa wa utendaji. Prosesa: i5-4570. RAM: GB 8, nafasi moja imetumika kati ya nne. Muuzaji akasema, "Mzee, stika ilikuja nayo." Nikamwomba anifungulie mfuniko. Ndani kulikuwa na vumbi jekundu limeshika feni kama blanketi, na kwenye madabodi kapasita mbili zimevimba vichwa. Tukamshukuru, tukaondoka. Dakika nane hazikufika. Muuzaji anayekataa kuwasha au kufungua mashine yake amekwisha kukujibu.

Kadi ya grafiki nitaipita haraka, kwa sababu ndiyo inayowapotezea vijana hela nyingi kuliko kitu chochote. Kwa kadi, nembo, fulana, mabango na lebo za dagaa, grafiki iliyomo ndani ya prosesa ya miaka hii inatosha. Ikiwa unahariri video ndefu au unafanya michoro ya pande tatu, hapo sawa. Lakini yale maboksi yenye taa zinazowakawaka kama basi la harusi, yaacheni kwa wenye gemu. Na ukiamua kununua kadi, kumbuka boksi dogo la ofisi halina waya wa ziada wa kuilisha kadi. Inategemea W 75 zinazotoka kwenye madabodi yenyewe. Kadi kama GTX 1050 Ti inaishi ndani ya kiwango hicho. Pima na kimo cha boksi. Mimi niliwahi kununua kadi ya kimo kamili kwa boksi la nusu kimo, ikakaa kabatini miezi saba.

Sasa umeme. Hapa msilale.

Umeme wetu mnaujua. Mara mdogo, mara unakatika, na unaporudi unarudi na hasira. Kinachoua pawa saplai, kile kifaa kinachoilisha kompyuta umeme, mara nyingi ni ule wa kurudi. Maboksi ya ofisi ya HP na Dell yana pawa saplai za umbo na plagi zao wenyewe. Ikiungua, huwezi kuchukua yoyote dukani ukaipachika. Utatafuta ya modeli ile ile, na siku hizo zote hufanyi kazi. Kwa hiyo UPS, kile kisanduku cha betri kinachoshika kompyuta umeme ukikatika, si pambo la wenye nazo. Soma W, usisome VA peke yake. UPS iliyoandikwa 650 VA mara nyingi inabeba W 360 hivi, au pungufu. Boksi la ofisi lisilo na kadi pamoja na monita yake vinatumia chini ya hapo sana, kwa hiyo utapata dakika kadhaa za kuhifadhi faili na kuzima kwa adabu. Dakika hizo si za kumalizia kazi. Betri yake ni ya risasi, inachoka baada ya miaka michache. Ijaribu mara kwa mara kwa kuchomoa UPS ukutani, ukiwa umehifadhi kazi yako.

Na tafadhali, printa ya leza usiichomeke kwenye UPS. Mimi nilifanya hivyo. Printa ya leza ina roli linalochemka ili kuyeyushia wino wa unga kwenye karatasi, na linapoanza kupata moto linavuta umeme mwingi kwa mpigo. UPS yangu ilipiga yowe moja, ikazima kompyuta, monita, kila kitu, na umeme wa ukutani ulikuwepo! Mteja alikuwa amekaa hapo hapo.

Sisi wa kando ya ziwa tuna jambo jingine. Wale wadudu wadogo wanaokuja kwa mawingu kutoka ziwani usiku wanafuata taa, na feni ya kompyuta inawavuta ndani. Ukichanganya na vumbi la Mwanza, unapata tope kavu. Boksi lisikae sakafuni. Kila baada ya miezi michache lifungue, lipulizie kwa blowa, lakini ishike feni kwa kidole isizunguke. Ukiiacha ivume kwa kasi ya blowa unaua beringi zake.

Programu nazo ni sehemu ya bajeti, ingawa hatupendi kulisema. Za kukraki zimejaa, na virusi vimejaa ndani yake. Nimeona stesheneri imepoteza kazi za miaka mitatu kwa siku moja. Inkscape ni ya bure kwa vekta. GIMP toleo la 3.0, lililotoka Machi 2025, sasa linakuwekea athari juu ya leya na unaweza kurudi kuzibadilisha baadaye bila kuharibu picha, jambo tulilolililia miaka mingi. Nakiri, mteja akileta faili la CorelDRAW utapata shida kidogo. Mwambie akutumie PDF.

Nimeona mkono. Sema, binti yangu.

Anauliza, je, laptopu si afadhali, kwa kuwa ina betri yake? Swali zuri, na linanivuruga kidogo hotuba yangu. Ni kweli, betri ya laptopu ni UPS uliyonunua bila kujua. Kama unahama kati ya chuo Nyegezi na nyumbani Buhongwa, chukua laptopu. Ya mtumba kama ThinkPad T480 ina nafasi mbili za RAM, unaongeza mwenyewe. Jihadhari na zile ambazo RAM imegandishwa kwenye madabodi. Ila kioo chake usikiamini kwa rangi. Laptopu nyingi za ofisi zimewekewa paneli hafifu. Ukiona kwenye maelezo yake imeandikwa 45% NTSC, kipimo cha upana wa rangi, hiyo ni ya kuandikia barua. Nunua laptopu, na hela ikipatikana nunua monita ya IPS ya kuchomeka nyumbani. Unaona, tumerudi kwenye kioo.

Baba mwenye kofia anauliza bei. Mzee wangu, bei ya mtumba ni kama bei ya sangara mwaloni, ya alfajiri si ya mchana, nikiitaja hapa kesho mtaniita mwongo. Nitakupa mgawanyo. Katika kila shilingi kumi nilizotumia kwenye mashine niliyokuja nayo, nne zilikwenda kwenye kioo, nne kwenye boksi na RAM na SSD vikiwemo, mbili kwenye UPS.

Haya, tufunue kanga. Boksi la ofisi, i5-8500, vipande viwili vya RAM, hakuna kadi ya grafiki. Monita ina mkwaruzo mrefu kwenye fremu, ndiyo maana niliipata. Flashi yenye zile picha tatu hii hapa. Wa viti vya nyuma sogeeni mbele, mje mmoja mmoja: kaa, simama, sogea kushoto, uniambie damu ya mzee imebadilika au haikubadilika. Na kuna mwenye bisibisi? Mfuniko wa hili una skrubu moja iliyoota kutu.